Dakika Tano Nilizoinyima Trekta Zilikula Karo Yangu

Kama hujawahi kuamka shambani Kitale mwezi wa Januari, usimcheke mtu aliyevaa jaketi mbili. Mchana jua linachoma kweli, lakini saa kumi na moja alfajiri umande umelalia kila kitu, na ukishika usukani wa trekta ni kama umeshika barafu. Huo ndio msimu wa kulima. Na huo ndio msimu ambao injini nyingi huku kwetu huuawa polepole na vijana wenye haraka. Najua, kwa sababu mmoja wao nilikuwa mimi.

Acha niseme msimamo wangu mapema ndio usipoteze bando bure. Trekta ya dizeli haitaki kupashwa joto nusu saa nzima ikiwa imesimama. Pia haitaki kuwashwa na kutupwa kwa plau dakika hiyo hiyo. Inataka dakika tano hivi za utulivu, halafu kazi nyepesi mpaka ipate joto lake. Na mwenye trekta anafaa kumlipa dereva kwa muda huo, kwa sababu mtindo wetu wa kulipana kwa ekari ndio unafanya kila mtu auibe.

Sina diploma ya mambo haya. Nilikuwa nasomea biashara chuoni, mwaka wa pili, karo ikakwama. Khocha, yaani mjomba wangu (kwetu Bungoma ndivyo tunavyomwita ndugu ya mama), akaniambia, "Ahirisha muhula mmoja, kijana wangu. Njoo tulime msimu huu, karo yako itoke kwa hii trekta." Alikuwa amenunua trekta ya mkono wa pili na akaipata kazi upande wa Kitale, mashamba ya kuelekea Endebess. Nilikuwa nimejifunza kuiendesha nikiwa tanboi wake likizo za nyuma. Tukakubaliana: kila ekari ninayolima, kiasi fulani ni changu.

Unaona tayari shida iko wapi? Kila asubuhi nilikuwa nahesabu ekari kabla hata sijapiga mswaki. Naruka kwa kiti, napiga stata, injini inakohoa, inatoa moshi mweupe kama jiko la kuni mbichi, mimi navuta mkono wa mafuta mpaka mwisho ndio "iamke." Dakika mbili baadaye diski ziko ndani ya udongo mgumu ambao haujaona mvua tangu Novemba. Nilijiona mchapakazi. Wazee waliokuwa wakipita walinitazama tu.

Kufika katikati ya Machi, mvua ikinukia na wateja wakipigana nani alimiwe kwanza, trekta ikaanza kutoa moshi wa bluu na kula oili kama chang'aa ya bure. Nguvu ikaisha. Kilima ilichokuwa ikipanda na gia ya tatu ikawa inapanda kwa kwanza, ikilia. Fundi alipoifungua, kuta za silinda zilikuwa na mikwaruzo unayoweza kuisikia kwa ukucha, na ringi zilikuwa zimekwisha. Bili ya vipuri na kazi ikala pesa ya msimu, pamoja na ile iliyokuwa karo yangu. Sikurudi chuo.

Sasa, usinielewe vibaya. Injini ile ilikuja kwetu ikiwa tayari imezeeka, na siwezi kukuapia kwamba ni baridi peke yake iliyoimaliza. Lakini fundi aliniuliza swali moja tu: "Wewe huiwasha aje asubuhi?" Nilipomweleza, hakuniuliza lingine.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba Kitale si Bungoma. Bungoma mjini ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kitale ni karibu mita 1,900. Ukitoka Webuye upite Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, matatu yako inapanda muda wote hata kama hulitambui hilo. Asubuhi za Kitale joto hushuka hadi karibu nyuzi 10, na ukisogea Cherangany au mitelemko ya Mlima Elgon, linashuka zaidi. Tena hewa yenyewe huku juu ni nyepesi. Kitale ina presha ya hewa pungufu kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na Mombasa. Trekta iliyokuwa ikiwaka kwa mguso mmoja kule Bungoma, ikibeba miwa, inafika Kitale inaanza kubembelezwa. Dereva anadhani imerogwa.

Haijarogwa. Injini ya petroli ina plagi ya kutoa cheche. Ya dizeli haina. Rudolf Diesel, yule Mjerumani ambaye injini yake ilifaulu mwaka wa 1897, alitegemea jambo moja: ukiibana hewa kwa nguvu, inapata moto. Umewahi kujaza baiskeli upepo ukahisi pampu inachoma vidole? Ni hiyo hiyo. Ndani ya silinda ya trekta hewa inabanwa mara 16, 17 hivi, inafika mamia ya nyuzi za joto, halafu dizeli inanyunyiziwa ndani na kujiwasha yenyewe.

Sasa chukua asubuhi ya Kitale. Hewa inayoingia ni baridi na ni nyepesi. Kuta za silinda ni baridi, zinanyonya lile joto kabla halijafanya kazi. Betri nayo, kwa sababu ya baridi, haina nguvu zake zote, na oili ni nzito, kwa hiyo stata inazungusha injini polepole. Joto halitoshi. Sehemu ya dizeli haiungui. Ule moshi mweupe unaouona ni dizeli yako ikipanda mbinguni bila kufanya kazi. (Injini ikishapata joto na moshi mweupe bado upo, hiyo ni kesi nyingine. Inaweza kuwa maji yanaingia kwa silinda, ita fundi.)

Na dizeli nyingine isiyoungua haipandi popote. Inateremka kwenye ukuta wa silinda, inaosha ule utando mwembamba wa oili unaolinda ringi, inaingia chini kwenye oili na kuifanya nyepesi kama uji wa mgonjwa. Wakati huo huo, juu kule kwa vali, oili nzito bado haijafika vizuri. Pistoni nayo kwa kawaida ni ya alumini, na silinda ni chuma. Alumini hutanuka haraka kuliko chuma. Ukiipa injini mzigo mkubwa ikiwa bado baridi, pistoni inavimba kabla nyumba yake haijatanuka. Chuma kinasugua chuma. Ile mikwaruzo niliyoisikia kwa ukucha ndiyo hiyo.

Basi, wengi wakisikia hivi wanakimbilia upande wa pili. Kuna madereva, hasa wazee, wanaowasha trekta halafu wanaenda kunywa chai na mandazi, wanarudi baada ya nusu saa wakisema sasa imeiva. Naomba msamaha kwa wazee wangu, lakini haijaiva. Injini ya dizeli ikinguruma polepole bila kazi inachoma mafuta kidogo sana, kwa hiyo haitengenezi joto la kutosha. Unaweza kuiacha nusu saa na mshale wa joto bado uko chini. Muda wote huo dizeli inaendelea kuungua nusu nusu, masizi yanajaa kwa noseli na vali, na kuta zinaendelea kuoshwa. Kinachoipasha dizeli joto ni kazi, lakini kazi ya kiasi.

Tupige hesabu pia, maana najua kinachowasha watu wetu ni pesa. Tuseme trekta yako inakunywa lita mbili kwa saa ikiwa imesimama. Nusu saa ni lita moja. Bei ya dizeli nchini ilipita shilingi 200 kwa lita mwaka wa 2023, kwa hiyo tutumie 200 kurahisisha. Msimu wa siku 60 umekunywa shilingi 12,000 kwa kusimama tu. Dakika tano kwa hesabu hiyo hiyo ni kama shilingi 33 kwa siku, karibu 2,000 kwa msimu. Sasa weka hiyo 2,000 kando ya bili ya kufungua injini. Mimi niliiweka kando ya karo, na bado inauma.

Halafu kuna kundi la tatu, la miujiza. Nimeona mtu akiwasha jiko la makaa chini ya tanki la oili. Nimeona kitambaa kilicholowa petroli kikishikiliwa kwenye mdomo wa kuingizia hewa. Nimeona wale wa kupuliza ile dawa ya kopo, ya etha, kwenye injini ambayo ina kifaa cha kupashia hewa, na kifaa chenyewe kimewashwa. Manze, huo ni mlipuko unaosubiri jina lako. Etha hushika moto kabla pistoni haijafika juu, inaweza kuvunja ringi au pistoni yenyewe. Na ikikutana na kifaa chenye moto mwekundu, inaweza kuwaka kabla hata haijaingia ndani. Huko Kanada na Finland, ambako baridi hufika nyuzi 30 chini ya sufuri, watu huchomeka injini kwa stima usiku ili isigande. Sisi hatuko huko. Dizeli yetu haigandi kwa baridi ya Kitale. Ukiona trekta haiwaki bila jiko na petroli, trekta hiyo ni mgonjwa. Inataka fundi.

Wacha nikupe vile ninavyofanya sasa ninapomsaidia Khocha, na vile ningetaka wewe ufanye.

Kabla ya kuwasha, pima oili na maji. Fungua kile kikombe cha chujio la dizeli utoe maji yaliyojikusanya chini, maana usiku wa baridi hewa ndani ya tanki hugeuka matone. Ndio maana ni afadhali ujaze tanki jioni kuliko kuliacha likiwa nusu usiku kucha. Ikiwa trekta iko ndani ya stoo, fungua milango yote, au isukumeni nje kwanza. Moshi wa injini ndani ya chumba kilichofungwa unaua mtu, hauna mzaha.

Weka gia huru, hakikisha shafti ya kuendeshea vifaa haijaunganishwa, kanyaga klachi. Kwenye trekta nyingi za zamani, klachi ikikanyagwa stata haibebi mzigo wa kuzungusha oili nzito ya gia, kwa hiyo injini inazunguka kwa wepesi. Kama trekta yako ina kifaa cha kupasha hewa au plagi za joto, zitumie. Zile Massey Ferguson nyingi za zamani zenye injini ya Perkins zinacho, kimefungwa kwenye njia ya hewa, na ufunguo una mahali pake pa kukiwasha. Washikilie sekunde 15 au 20 kabla ya kupiga stata. Trekta mpya zina taa yenye picha ya waya uliojikunja. Subiri izime. Niliendesha ile trekta misimu kadhaa bila kujua ile nafasi ya ufunguo ni ya nini. Nilidhani imeharibika.

Piga stata sekunde zisizozidi 15. Isipowaka, ipumzishe kama dakika moja, jaribu tena. Usiitwange mpaka betri ilie.

Ikiwaka, usivute mafuta mpaka mwisho. Iache izunguke juu kidogo ya mwendo wake wa chini kabisa, karibu mizunguko 1,000 kwa dakika. Tazama mshale wa presha ya oili upande. Dakika tatu hadi tano zinatosha kwa asubuhi ya kawaida ya Kitale. Muda huo zunguka trekta, tazama magurudumu, nati za diski, mahali panapovuja. Halafu nenda nayo shambani kwa gia ya katikati bila kuikimbiza. Ukifika, anza na kazi nyepesi: pembe ya udongo laini, au plau isiyoshuka sana kwa mizunguko ya kwanza. Mshale wa joto ukiingia mahali pake pa kawaida, sasa lima kama mwanaume, au kama mwanamke, maana nawajua akina dada wawili huku wanaotuacha mbali.

Jioni nayo, hasa kama injini ina turbo, usizime ghafla ukitoka kwa mzigo. Ipe dakika mbili tatu ipoe.

Mambo mawili zaidi kwa wenye trekta. La kwanza ni oili. Ile yenye namba mbili, kama 15W-40, inabaki nyepesi kiasi asubuhi na bado inashika mchana. Ile ya namba moja tu, kama 40, asubuhi ya baridi ni kama asali. Usinunue kwa kuangalia bei tu, fungua kile kitabu kinacholala chini ya kiti kimejaa vumbi, kimeandikwa trekta yako inataka nini. La pili ni thamostati. Kuna mafundi wanaoing'oa kabisa wakisema inafanya injini ichemke. Kazi ya thamostati ni kuyazuia maji yasiende kwa rejeta mpaka injini ipate joto, karibu nyuzi 80. Ukiing'oa, injini yako inaweza kulima mpaka saa tatu asubuhi ikiwa bado na baridi. Kama inachemka, osha rejeta iliyojaa nyasi na vumbi. Usikate kichwa kwa sababu ya chawa.

Sasa narudi kwa pesa, maana hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Ukimlipa kijana kwa ekari peke yake, umemwambia kwamba kila dakika diski hazigusi udongo ni hasara yake. Hizo dakika tano ni zake, injini ni yako. Unategemea achague kukulindia mali yako kwa pesa yake. Wengine watafanya hivyo kwa utu. Wengi, hasa wenye karo, kodi ya nyumba na mtoto nyumbani, hawatafanya, na mimi siwezi kuwarushia mawe. Ukichanganya na mteja aliyesimama kwa mpaka wa shamba na simu mkononi, akipiga kelele kwamba jirani tayari amelimiwa, unajua mwisho wake.

Pendekezo langu si kubwa. Mpe dereva kiasi fulani cha siku, hata kiwe kidogo, kabla ya hesabu ya ekari. Kiasi hicho ni cha kupima oili, kutoa maji, kuwasha kwa utaratibu na kuosha rejeta jioni. Mwambie wazi hivyo. Mwambie pia mteja kwamba trekta yako hailimi kabla ya saa fulani. Utapoteza wateja wawili wenye haraka. Sawa. Wataenda kwa mwenye trekta ambayo mwaka ujao haitakuwepo.

Najua jibu la mwenye trekta: "Nikimpa pesa ya siku, atalala." Huenda. Lakini dereva anayelala utamwona kwa macho. Dereva anayekuulia injini hutamwona, anaonekana mwenye bidii kuliko wote. Niulize mimi, Khocha alikuwa akinisifu kwa watu.

Na wewe kijana mwenzangu unayesoma hii ukiwa kwa foleni ya kutafuta kazi: usidharau hii kazi, na usiifanye kienyeji. Vyuo vya ufundi viko karibu, Kisiwa na Sang'alo kwa upande wa Bungoma, na polytechnic pale Kitale. Kituo cha kilimo cha Mabanga kiko hapo. Nenda uwaulize kama kuna mafunzo mafupi ya mitambo ya shamba. Kama hayapo, tuwaombe wayaanzishe, hata ya siku mbili, kila Desemba kabla ya msimu. Sisi ndio tunaokalia mashine za thamani kuliko nyumba za wazazi wetu, na wengi tumefundishwa na tanboi aliyefundishwa na tanboi mwingine.

Khocha hakunifukuza. Aliirudisha trekta barabarani kwa mkopo, na msimu uliopita alinipigia simu nimshikie wiki mbili. Asubuhi ya kwanza niliwasha, nikaiacha ingurume, nikashuka kutazama nati za diski. Mteja akaniita kutoka kwa ua, "Wewe kijana, si uanze? Jua linatoka!"

Nikamwambia, "Ngoja dakika tano, mzee. Chemsha chai."